Sahani ya Pili Katika Jumba la Bi Nazife

"Lira elfu tisa," alisema Bi Nazife, kiganja mbele. "Watu wawili, kulala na kula. Sijakuongezea hata chai."

"Nne na nusu," alijibu Bwana Feridun. "Mtu mmoja. Mimi hapa, unaniona."

"Na mkeo anakula upepo?"

"Sina mke. Nilimzika Eskişehir."

Walikuwa wamesimama uani, juu ya mawe yaliyoanza kushika theluji, begi la mgeni likiwa miguuni pake. Bi Nazife, mjane mwenye jumba lile, hakuwa mtu wa kuzungushwa. Alimkagua yule mzee kuanzia kofia mpaka viatu, kama anayechagua samaki sokoni.

"Sikiliza, Bwana Feridun. Mimi nasema mambo usoni. Mkeo mguu unamuuma, hatoki nje, sawa, hilo ni lake. Lakini sahani zake nimeziosha kwa mikono hii. Usimgeuze mtu mzima kuwa marehemu ili upunguziwe bei. Ni dhambi, halafu ni ushamba."

Mzee akaiva uso mpaka masikioni.

"Na wewe ni mtu wa ajabu, Bi Nazife. Jioni, nyuma ya kabati, unaniita kaka. Unaniuliza kama nimeshiba. Unaniambia nyumba hii haijasikia sauti ya mwanamume siku nyingi. Asubuhi unanikabili kama mtoza kodi. Nikasema moyoni, labda ana haya. Kumbe ni biashara."

Kiganja cha Bi Nazife kikashuka.

"Mimi? Nyuma ya kabati?"

"Sasa nani mwingine?"

"Bwana Feridun, mimi sijasema na wewe hata neno moja kupitia kabati. Sina tabia hiyo. Nilikuwa nasema na mkeo."

Theluji iliendelea kuanguka katikati yao. Hakuna aliyetaja lira tena.

Majumba ya kale ya Safranbolu, mji wa Uturuki, yalijengwa na watu wenye haya. Upande mmoja wanaume na wageni wao, upande wa pili wanawake na moto wa jiko. Na ukutani, katikati, kabati la duara lililosimama kama pipa, lenye mdomo mmoja tu. Mpishi huweka sinia ndani, hugonga mara moja, husukuma, na mdomo unageukia kwa wanaume. Chakula kinavuka, uso hauvuki. La Bi Nazife lilikuwa limepigiliwa misumari tangu siku alipoingia jumbani akiwa bibi harusi. Mama mkwe wake ndiye aliyelifunga, na hakutoa sababu. Alikuwa mtu ambaye ukimwomba sababu anakupa kazi. Mama mkwe alikufa, mume akafuata, mwanawe wa pekee, Yalçın, akaenda Ujerumani kuchomelea vyuma. Jumba likabaki na mwanamke mmoja na upepo. Masika yaliyopita, alipoanza kupokea wageni, Bi Nazife alichukua koleo akaing'oa misumari yote, kwa kuwa wageni wa siku hizi hulipa ili waonyeshwe ya kale. Na kweli walifurahi. Walilizungusha, wakapiga picha, wakaenda zao.

Majira ya baridi hayana wageni. Ndiyo maana Bwana Feridun, dereva wa treni mstaafu, alipopiga simu kuomba chumba, na cha watu wawili ndicho kilichokuwa na jiko la kuni linalofanya kazi, Bi Nazife alimpa hicho bila kuuliza sana. Alipofika, jirani ndiye aliyemfungulia mlango wa upande wa wanaume. Bi Nazife alikuwa amezama kwenye unga mpaka viwikoni.

Jioni hiyo aliweka sahani moja ya vitumbua vya nyama vilivyomwagiwa mtindi, akagonga, akasukuma. Kabati lilipofika nusu ya mzunguko, sauti ikatoka. Sauti ya mwanamke, si kijana si kikongwe, yenye mkwaruzo kidogo kama ya mtu aliyetoka usingizini.

"Afya iwe mikononi mwako, dada. Lakini tuko wawili, umetuletea sahani moja."

Bi Nazife aliomba radhi, akaongeza ya pili. Ndivyo ilivyoanza.

Upande wa pili, Bwana Feridun alikuta sahani moja tu. Alikula akiwa amekaa kwenye mto, mgongo karibu na kabati, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na joto. Mchana alikuwa akizunguka mji: hamamu, soko la washona viatu, kilima chenye mnara wa saa. Alikula nyama ya mwanakondoo iliyookwa shimoni mpaka mfupa ukateleza wenyewe, akanywa chai ya zafarani, akasimama kutazama dari za mbao zilizochongwa na mafundi ambao hata makaburi yao hayajulikani. Yote mazuri, na hakuwa na wa kumwambia. Mtu akiona kizuri peke yake, nusu yake hubaki kooni. Kwa hiyo jioni, mwanamke aliposema nyuma ya mbao, "Kaka, leo umeona nini?" alimwambia. Alimwambia yote. Alimwambia mpaka alivyokuwa akipiga honi ya treni kila alipopita karibu na nyumba yake, ili mkewe aweke chai jikoni, na kwamba alipostaafu alikuta chai imepoa na mpishi wake hayupo.

Na upande wa jiko, saa hizohizo, Bi Nazife naye alikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Alikuwa hajui alivyokuwa na kiu.

"Subiri," Bwana Feridun alisema sasa, pale uani, kwa sauti ya chini. "Mimi nilikuwa naongea kwa muda mrefu. Ungenisikia."

"Sikusikia mwanamume. Nilimsikia yeye tu."

"Na mimi sikukusikia wewe."

Waliingia ndani, kila mmoja akiogopa kuwa nyuma. Mchana ulikuwa mweupe, jiko linawaka, na kabati lilikuwa kabati: mbao za msonobari, rafu mbili, kina cha mkono mmoja. Bwana Feridun aliingiza kichwa akatazama juu na chini.

"Humu hata paka hawezi kujinyoosha," alinong'ona.

"Kuna harufu gani?"

"Utambi. Kama utambi wa taa uliozimwa sasa hivi. Taa ya mafuta."

Nyumba hiyo ilikuwa na umeme tangu enzi za babu yake Yalçın.

Bwana Feridun alisukuma taratibu ili aone mgongo wake, na mhimili ukalia ule mlio wake wa kawaida, na mdomo ukaanza kuliacha jiko bila kufika bado upande wa pili, na hapo, kwenye ile nusu ya mzunguko ambapo mdomo unatazama unene wa ukuta na hakuna jicho la mtu linaloweza kuona ndani, wote wawili wakasikia mtu akitafuna, polepole, bila haraka, kama mtu mwenye adabu anayemalizia kilichobaki kwenye sahani kabla ya kuirudisha kwa mwenyewe.

Bwana Feridun aliondoa mkono kana kwamba mbao zimemuunguza. Bi Nazife alikuwa amekaa sakafuni.

"Nimekula utamu wao," alisema.

"Utamu gani?"

"Jana. Alisema ana binti, amefika umri, mpole, anajua kazi, lakini wanakoishi hakuna wachumba. Mimi nikacheka. Nikamwambia, mlete, mwanangu yuko Ujerumani anakula mikate ya mashine. Akaniuliza, atakaa wapi binti yangu? Nikasema, atakaa na mimi hapa, kama zamani, nyumba kubwa hii ya nani? Halafu sinia likarudi na kipande cha lokumu, peremende laini ya zafarani, kwenye sahani safi. Akasema, basi dada, tule utamu, tuseme matamu. Nikajua umenunua wewe sokoni. Nikala."

"Mimi sikununua lokumu."

"Ilikuwa baridi. Kama sukari iliyolala kisimani."

Bwana Feridun hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa ameoa, alikuwa ameozesha. Mama wawili wakila utamu mmoja, neno limefungwa. Pete na suti ni mapambo tu. Mtu anaweza kudanganya hakimu, lakini neno la utamu halidanganywi, na hata wale wasioonekana, ambao watu wa huko hawawataji kwa jina lao, huwaita walio bora kuliko sisi, nao wanalijua.

"Kijana anajua?"

"Atajuaje? Hajanipigia simu tangu mavuno." Alishika shingo yake mahali utamu ulipopita. "Bwana Feridun, ni mmoja. Sina mwingine."

Walimwita Satı. Satı alikuwa mwanamke mfupi, mpana, wa mtaa wa chini kulikokuwa na watengeneza ngozi, aliyerithi kutoka kwa nyanya yake kazi ya kumwaga risasi, madini yaliyoyeyushwa kwa moto, ili kuondoa jicho baya. Alifika na kijungu chake, akavua viatu, akanusa hewa, akasema, "Nani kaing'oa misumari?"

"Mimi."

"Ulipoing'oa ulisema nini?"

"Nilisema ina kutu."

Satı aliweka kijungu chini. "Mtu anafungua mlango wa watu, haombi ruhusa, hasemi bismillahi, anasema ina kutu. Kaa hapo, dada."

Alimfunika shuka jeupe, Bwana Feridun akashika pembe mbili, na bakuli la maji baridi likawekwa juu ya kichwa. Risasi iliyoyeyushwa ilipomwagwa, maji yalipiga kelele. Kwa kawaida hutoka vipande vyenye matundu, na Satı husema, hili jicho la jirani, hili jicho la wifi. Mara hii ilitoka kipande kimoja laini, bila tundu, kama ulimi.

"Si jicho," alisema Satı. "Hili ni neno. Neno hulioshi kwa risasi, dada. Neno linarudishwa na aliyelitoa, kwa heshima, kama watu wanaovunja posa. Na kila aliyekula nao aombe kuachiliwa haki. Una lokumu?"

Ilipatikana. Bwana Feridun ndiye aliyekimbilia dukani na viatu vya nyumbani, akarudi na boksi zima, theluji mabegani. Mwanga wa nje ulikuwa umeanza kuwa wa kijivu. Bi Nazife alipanga vipande kwenye sinia la shaba, akagonga, akasukuma mpaka nusu, akaacha hapo, kama alivyoelekezwa.

Harufu ya utambi ikajaa jikoni.

"Mmekuja wengi leo," sauti ilisema. Haikuwa na hasira. Hilo ndilo lililomtoa Bwana Feridun machozi, kwamba ilikuwa sauti ileile iliyomuuliza ameona nini.

Satı alimsukuma kwa kiwiko.

"Mimi ni Feridun," alisema kwa shida. "Nimekula katika chumba kimoja na wewe, nimezungumza na wewe. Kama una haki yoyote kwangu, niachilie."

"Halali, kaka. Ulisimulia vizuri. Ile honi ya treni nimeipenda."

Mzee aligeuka akatazama ukuta.

"Sasa wewe," Satı alinong'ona.

Bi Nazife alipiga magoti mbele ya mbao, na yeye ambaye maisha yake yote alisema mambo usoni mwa watu alijikuta hana uso wa kusemea, ana ukuta tu na giza la upana wa kidole kati ya kabati na fremu, na katika giza hilo kulikuwa na pumzi, si moja, pumzi za watu waliosogea karibu kusikiliza posa ikivunjwa, wakubwa kwa wadogo, wakiwa wamebana nguo zao zisichakarike, na akasema kwa sauti ambayo hata Satı ilimbidi ainame ili aisikie, kwamba alitoa neno bila kumuuliza mwanawe, kwamba kosa ni lake peke yake, kwamba utamu wao anaurudisha mara kumi, na kwamba anaomba, mama kwa mama, Yalçın aachwe.

Ukuni ukapasuka jikoni.

"Ni mtoto wako wa pekee?"

"Wa pekee."

"Na hakupigii simu."

"Hata kama."

Ndani, watu wakanong'ona. Kisha sauti ikasema, "Mwanao tumekuachia, dada. Kwangu mimi ni halali."

Kabati likamalizia mzunguko lenyewe, likarudi lilikotoka. Sinia lilikuwa tupu, na limepanguswa. Satı hakungoja. Alishika nyundo na misumari mipya, akapigilia kabati kwenye fremu juu, chini, kushoto na kulia, kwa nguvu ambazo hakuna aliyedhani mwanamke mfupi vile anazo, akisoma aya kati ya pigo na pigo. Alipomaliza alivaa viatu vyake, akakataa chai, akasema, "Usizoee kuongea na usiyemwona," akaondoka.

Bwana Feridun alikuwa bado amesimama na kofia mkononi.

"Basi la mwisho linapita sasa hivi," alisema. "Nibaki?"

Bi Nazife alitaka kusema ndiyo. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini alikumbuka kwamba maneno matamu aliyoambiwa mzee huyu hayakuwa yake, kwamba mtu aliyetaka kubaki naye hakuwa yeye, na kwake kupokea kisicho chako ni wizi.

"Ubaki kwa kazi gani?" alisema. "Nenda, Bwana Feridun. Safari njema."

Alimmwagia maji nyuma yake kwenye ngazi, kama desturi, ili njia iwe laini kama maji. Maji yaliganda hapohapo.

Akampigia simu Yalçın. Kijana alipokea, nyuma yake mashine zikiunguruma. Yuko salama? Yuko salama. Haumwi? "Mama, niko kazini, kuna nini?" Hakuna kitu. Alitaka tu kusikia sauti. "Haya, nitakupigia," kijana alisema, na wote wawili walijua hatapiga.

Lakini yuko hai, ni wake, ameachiwa. Bi Nazife alimshukuru Mungu, akawasha taa ya jikoni, akapasha supu, akaketi kula. Kijiko kiligonga bakuli. Ni ajabu jinsi kijiko kinavyoweza kupiga kelele katika nyumba. Jana saa kama hii alikuwa anacheka mpaka kushika mbavu, na sasa alijikuta, astaghfirullah, ameinua kichwa kidogo, anasikiliza.

Misumari ilikuwa mahali pake. Aliihesabu kwa macho, yote ipo, na ndipo alipoona kile ambacho watu watatu wazima hawakukiona kwa hofu na haraka: kabati lilikuwa limepigiliwa mdomo ukitazama jikoni, wazi, na rafu zake mbili zilikuwa zimeshushwa na kuegeshwa pembeni kwa uangalifu, kama mtu anavyosogeza vitu vya watu ili apate nafasi ya kupita bila kuvunja chochote, na kwenye sakafu ya mbao iliyopigwa deki asubuhi kulikuwa na unyevu, alama ndogo ndogo za nyayo zilizoanzia chini ya kabati, zikapita nyuma ya kiti chake, karibu kabisa, zikaenda mpaka kwenye kona ya jiko ambako taa haifiki, na harufu ya utambi haikutoka tena ukutani, ilitoka hapo.

"Mama," ilisema kona.

Haikuwa sauti ile. Ilikuwa changa, ya chini, ya msichana aliyefundishwa asipaze sauti mbele ya mama mkwe.

Bi Nazife aliweka kijiko chini.

"Mwanangu ameachiwa," alisema. "Mama yako mwenyewe kasema halali. Nimesikia, na mashahidi wapo. Rudi kwenu."

"Wameachiana wakubwa. Mimi hakuna aliyeniuliza." Kitu kama kitambaa kizito kilisogea kwenye sakafu. "Nilikuwa nimeshatoka mlango wa baba. Wewe unajua. Aliyetoka kwao na shela harudi ila na sanda."

Alijua. Yeye mwenyewe aliambiwa hivyo kizingitini kwa baba yake, siku alipoletwa katika jumba hili, na hakurudi.

"Yeye simtaki," sauti iliendelea. "Yuko mbali, na hapigi simu. Lakini wewe ulisema nitakaa na wewe."

Nje, theluji ilikuwa imefunika ngazi, na nyayo za Bwana Feridun hazikuonekana tena. Bi Nazife alifungua kinywa ili akane. Hakuwahi kukana neno lake mbele ya mtu yeyote.

"Nilisema," alijibu.

"Basi nionyeshe chumba changu."